Saa za Jikoni na Daftari la Mali

Jamaa mliotoka Tanzania, Kenya na ng'ambo ya mto kule Kongo mkafanya maskani hapa Kamembe, Rwanda,

Kila alfajiri, wanaume wengi tungali vitandani (nami sijitoi), wanawake wa mji huu hushuka na mabeseni ya nyanya kuelekea mpakani wapate kuvuka kwenda Bukavu, upande wa Kongo, na biashara ile, ijapokuwa ndogo, haikosi mwenye kuihesabu. Bali maji aliyoyateka mama yule kabla ya kutoka, na makaa aliyoyawasha, na uji aliowapa watoto, nani ayahesabuye? Kwa kanuni za Umoja wa Mataifa, kuteka maji huweza kuingia katika pato la nchi, ilhali kuyapikia uji maji yale yale hakuingii, ila apikapo yaya wa mshahara.

Kwetu sisi wageni jambo hili limedhihirika zaidi, kwani mabibi na mashangazi, ambao wangalitulelea watoto pasi na kudai senti, tuliwaacha nyumbani. Mzigo wa wanawake wanne au watano umemwangukia mmoja, na asiyeumudu huununua, ndipo bei yake ikajulikana.

Thamani ya kazi hiyo mahakama nazo zilikwisha kuiona. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua, ikiifasiri Sheria ya Ndoa ya 1971, kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya wanandoa. Naye Bi Hawa mwenyewe, masikini, hakuambulia kitu, kwa kuwa ilionekana kwamba fedha alizopewa na mumewe za kuanzishia biashara alikwisha kuzitapanya. Na hapa Rwanda, sheria ya mwaka 2024 imeruhusu kwamba, wakiachana wanandoa waliotenganisha mali, aliyefanya kazi za nyumbani bila ujira apewe baina ya asilimia 10 na 39 ya thamani ya mali iliyochumwa.

Hukumu njema, lakini husomwa ndoa imekwisha kuvunjika! Madhali chama chetu hiki cha michango na mikopo ni cha watu ambao wangali pamoja, naomba Mweka Hazina aandike kila mchango wa nyumba kwa majina mawili, la mume na la mke, na mke asiye na mshahara apate kura na haki ya kukopa sawasawa na mumewe, kuanzia mkutano ujao.