Wakati Wowote Ni Wakati Gani?



Leo nataka tuzungumze juu ya sala ya mtu binafsi, yaani ile sala isiyo na kwaya wala kipaza sauti, ambayo usipoisali hakuna binadamu atakayejua. Nitaanzia mbali kidogo, kisiwani Pemba.

Mwaka 1994 nilihamishwa kikazi kutoka Dar es Salaam kwenda Chake Chake. Nikapata chumba cha kupanga Tibirinzi, mahali ambapo wengi wenu mmepasikia katika taarifa za habari kwa sababu ya mikutano ya siasa inayofanyika katika viwanja vya pale. Mimi sikuwa mtu wa siasa. Nilikuwa mwalimu na mwanakwaya na, kwa maoni yangu mwenyewe, Mkristo hodari. Dar es Salaam sikukosa ibada ya Jumapili, wala mazoezi ya kwaya, wala mkesha wa mwisho wa mwezi. Ungeniamsha usiku wa manane ukanitaka niongoze maombi, ningeongoza robo saa bila kumeza mate.

Sasa, Pemba Wakristo ni wachache. Si kwamba Ukristo ni mgeni kabisa kule, maana Waanglikana walifungua misheni yao upande wa Wete zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na wapo wengine ambao nitawataja baadaye. Lakini kwangu mimi, niliyezoea kanisa lililofurika hadi nje, ilikuwa kama kushushwa jangwani. Jumapili tulikutana watu wa kuhesabika, wengi wakiwa watumishi wa serikali kutoka bara. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi hapakuwa na kwaya, wala mkesha, wala mtu wa kuniuliza nimeamkaje kiroho. Miezi miwili ikapita. Nilikuwa sijasali peke yangu hata siku moja, ukiacha maneno mawili matatu kabla ya kula.

Aliyenifumbua macho ni mama mwenye nyumba, mtu mzima, Mwislamu. Ulikuwa msimu wa karafuu. Mbele ya kila nyumba yametandikwa majamvi, na harufu yake inaingia hadi kwenye shuka. Nilimkuta barazani akichambua karafuu, huku anatenga makonyo. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akasema:

"Mwalimu, nataka nikuulize, lakini usikasirike. Nyinyi Mungu wenu hukutana naye Jumapili tu?"

"Hapana, mama," nikamjibu kwa haraka. "Sisi twaweza kumwomba wakati wowote, mahali popote."

Akachambua kichala kizima kabla hajasema neno. "Wakati wowote," akarudia. "Ndio wakati gani huo?"

Ndugu msikilizaji, hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua. Yeye siku yake ilikuwa na alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha, na nyakati hizo hazikumngoja ajisikie vizuri. Mimi nilikuwa na uhuru wote, na sikuwa na hata dakika tano za kumwonyesha. Nikaingia chumbani nikiwa nimenyong'onyea.

Tangu siku hiyo ninaogopa neno "wakati wowote". Hebu mwambie mtu anayekudai kwamba utamlipa wakati wowote, uone kama atafurahi. Wala haya si mafundisho mapya kwetu. Danieli alikuwa mtu mkubwa serikalini huko Babeli, mwenye kazi nyingi kuliko mimi na wewe, lakini alipiga magoti mara tatu kwa siku, na saa zake zilijulikana kiasi kwamba maadui zake walijua pa kumkamatia. Marko katika sura yake ya kwanza anasimulia jinsi Yesu, baada ya jioni ya kuponya wagonjwa wengi, alivyotoka kungali giza akaenda kusali peke yake. Kama Yeye alitenga saa, sisi tunaojidai kusali njiani ndani ya daladala tunamdanganya nani? Sikatazi kusali ndani ya daladala. Nasema tu kwamba mara nyingi huyo anayesema atasali njiani hulala usingizi kabla ya kufika Magomeni.

Basi nikachagua alfajiri. Adhana ilikuwa ikiniamsha hata hivyo, na badala ya kujifunika shuka nikaamka. Siku ya kwanza nilisali dakika nne, nikaishiwa. Umeme ulikuwa umekatika. Miaka hiyo Pemba ilitegemea majenereta, kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kufika mwaka 2010. Nikaketi gizani nikiwaza mshahara uliochelewa. Ndipo nikatambua kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nimesali kwa ajili ya masikio ya watu. Sauti ilipanda kwa sababu wapo waliosema "amina". Waliponiondokea wenye kusema amina, sikuwa na la kumwambia Mungu.

Hapa ndipo ninapowakumbuka wale niliosema nitawataja. Mwaka 1897, mwaka uleule Sultani Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya kuuondolea utumwa uhalali wake Unguja na Pemba, Wakristo wa Uingereza waitwao Marafiki, au Quakers, walikuja Pemba wakaanzisha misheni yao Banani, si mbali na Chake Chake. Walitaka watu walioachwa huru wapate kazi ya ujira. Marafiki wa Uingereza wana desturi ambayo mwanakwaya kama mimi ingemshinda: hukusanyika wakaketi kimya, bila mchungaji wala wimbo, wakimngoja Mungu, na mtu husema tu pale anaposukumwa moyoni kusema. (Ndugu zao wa Kenya, ambao kule Kaimosi walianza mwaka 1902 na leo ni wengi mno, wao wana wachungaji na wanaimba vizuri sana.) Nilipozisikia habari hizo kutoka kwa mzee mmoja wa kanisa letu dogo, nilipata nafuu. Kumbe kukaa kimya mbele za Mungu si kushindwa kusali. Nikaacha kuukimbia ule ukimya wa dakika ya tano.

Nilijiongezea na vitegemeo viwili. Kila asubuhi nilisoma Zaburi moja kwa sauti ndogo, na ilipokuwa na hasira niliisoma na hasira yake. Pia nilinunua daftari la shule nikaandika majina ya watu wa kuwaombea. Hilo daftari ndilo lililonitia matatani, kama mtakavyosikia.

Najua mtu wa Dar es Salaam ananiuliza: chumba kimoja, tumo sita, nitasalia wapi? Swali la haki. Yesu alisema mtu aingie chumbani afunge mlango, lakini vyumba vyenyewe tunavijua. Husimuliwa kwamba Susanna Wesley, mama yake John Wesley, aliyezaa watoto kumi na tisa, alikuwa akijifunika aproni yake kichwani, na watoto wakajua kwamba sasa mama asisumbuliwe. Khanga inatosha. La hatari kwetu mijini, kwa maoni yangu, si ufinyu wa chumba. Ni hii tabia ya kupeleka sala zetu kwa mtumishi fulani atuombee, kama tunavyopeleka nguo kwa dobi, nasi tukakaa kungoja zirudi zimepigwa pasi. Kuombewa ni jambo jema. Lakini hakuna mtu anayeweza kumwambia Mungu kwa niaba yako jambo ambalo wewe mwenyewe hutaki kulisema.

Mimi nilikuwa nalo. Katika daftari, jina la tano lilikuwa la mdogo wangu. Tulikuwa hatujasemezana kwa miaka minne kwa sababu ya kiwanja alichotuachia marehemu baba. Kila asubuhi nilifika jina la nne, kisha nikaruka hadi la sita. Katika mkesha wa watu mia mbili unaweza kuruka jina usijue umeruka. Peke yako, kwenye chumba cha Tibirinzi, unalisikia pengo lake. Nilivumilia wiki tatu. Ikanijia ile habari ya Mathayo, ya mtu anayetakiwa kuiacha sadaka yake palepale madhabahuni akapatane kwanza na ndugu yake, nami nikajua kwamba sitapita.

Nikaandika barua. Ilikuwa fupi na, nikiri, nusu yake ilikuwa ya kujitetea. Jibu halikuja mwezi huo wala uliofuata. Lilipokuja, halikutaja kiwanja wala msamaha. Aliniuliza tu hali, na kama ni kweli karafuu ina bei nzuri huku. Nilimjibu siku hiyohiyo.

Kile kiwanja hadi leo hatujakigawa. Lakini tunasalimiana, na alfajiri nikifika jina la tano, ninalitaja.