Khitilafu za Siasa katika Baraza za Mchezo

Khutba ya Ijumaa kwa wasikilizaji wa Bulyanhulu, Kakola, na sehemu zote za Geita na Shinyanga

Shukrani zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanadamu kwa rangi na ndimi mbali mbali, akawapa akili ya kupimia mambo na ulimi wa kuyasemea. Sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Masahaba zake wote. Ama baad.

Enyi ndugu Waislamu, nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu katika jambo kubwa na dogo. Leo nakusudia kusema juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu wakaliona halistahili kupandishwa mimbarini, nalo ni baraza zetu za jioni: za bao, za kahawa, za washabiki wa mpira, na vikundi vya ngoma, na namna siasa inavyoingia humo ikawatoa watu wakiwa maadui.

Mtu asiseme kwamba hayo ni mambo ya upuuzi. Tazameni mji huu wa Kakola ulivyojengwa. Haukujengwa na ukoo mmoja. Walikuwapo Wasukuma na Wasumbwa, kisha dhahabu ikawaita Waha, Wanyamwezi, Wahaya, Wakurya na wengineo. Kijana aliyetoka Kigoma hana mjomba hapa, wala shangazi, wala kaburi la babu yake. Jamaa zake ni wale anaoketi nao baada ya Alasiri penye ubao wa bao. Akiugua, hao ndio watakaombeba. Akifa, hao ndio watakaomchimbia kaburi na kupeleka habari kwao. Basi mwenye kuivunja baraza ya watu kama hao hakuvunja mchezo tu, amevunja ujamaa ambao watu hao hawana mwingine.

Na wala dini yetu haikuja kuikataza furaha ya halali. Imepokewa kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.) siku ya Idi, naye akamruhusu Bibi Aisha kuwatazama mpaka alipotosheka. Na wanavyuoni wa madhhabu ya Imamu Shafi wamepambanua baina ya mchezo unaotegemea hesabu na fikra, na ule unaotegemea bahati ya dadu. Bao letu, ubao wenye mashimo 32 na kete 64, ni mchezo wa hesabu. Anayenamua bila ya kufikiri hulia mapema. Sharti zake zinajulikana: pasiwe na kamari, sala isipitwe na wakati wake, na ulimi usitoke katika adabu. Sharti hii ya tatu ndiyo iliyonileta hapa leo.

Hata kushindwa kuna adabu yake. Mtume (S.A.W.) alikuwa na ngamia jike aliyeitwa Adhbaa, asiyepata kutanguliwa. Siku moja akaja bedui na ngamia wake kijana, akamtangulia. Masahaba wakaona uchungu mkubwa. Mtume (S.A.W.) hakukasirika, wala hakumtafutia bedui yule sababu, aliwafahamisha kwamba katika dunia hii hakuna kinachopanda ila Mwenyezi Mungu hukishusha. Ikiwa ngamia wa Mtume alitanguliwa na mambo yakaisha kwa salama, basi timu ya mtu, na chama cha mtu, navyo vyaweza kushindwa na dunia isianguke.

Sasa siasa huingiaje? Huingia kwa sababu mambo yanayozungumzwa ni ya kweli na yanamgusa kila mtu. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa katika eneo la Bulyanhulu, na mpaka leo watu wanabishana juu ya yaliyotokea siku zile. Mwaka 2001 mgodi mkubwa ukafunguliwa. Mwaka 2017 usafirishaji wa makinikia ukapigwa marufuku, na wengi wakaona kwa macho yao athari ya amri ile katika ajira. Mwaka 2020 Serikali ikatiliana saini na kampuni ya Barrick, ikapata hisa 16 katika mia. Hapo barazani wapo wawili: mmoja asema haki ya nchi imerudi, mwenziwe asema jirani wa mgodi hajaona kitu. Je, tuwaambie wanyamaze? Wapo wazee wanaoshauri hivyo, kwamba siasa ipigwe marufuku kabisa kwenye bao. Nawaheshimu wazee hao, lakini siafikiani nao. Neno lililozuiwa barazani huenda kuongelewa uchochoroni, na huko halina wa kulisahihisha. Mtu ana haki ya kusema juu ya ardhi yake, kazi yake na kura yake. Kinachotakiwa ni kumjua anayesema naye.

Nchi yetu imekwisha kuona mambo haya yanafika wapi. Unguja na Pemba, baada ya uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1957, watu wakaanza kususiana. Mtu hanunui duka la mtu wa chama kingine, hapandi gari lake, hahudhurii maziko yake. Waliokuwa wakila sahani moja wakawa hawapeani salamu. Juni 1961 ghasia za uchaguzi ziliua watu 68. Na Januari 1964 yakaja yanayojulikana. Tena ulipofanyika uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1995, Pemba ikarudia ugonjwa ule ule, hata misikiti ikagawanyika na jeneza likapita bila ya jirani kunyanyuka. Januari 2001 damu ikamwagika na watu zaidi ya elfu mbili wakakimbilia Kenya. Hayakuanza na bunduki hayo. Yalianza na salamu isiyoitikiwa, na kikombe cha kahawa ambacho mtu alikataa kukipokea kwa sababu ya mkono uliokitoa. Na dawa yake nayo ilikuwa hiyo hiyo: Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, Mwenyezi Mungu amrehemu, waliketi pamoja wakazungumza, na tarehe 31 Julai 2010 wananchi wa Zanzibar wakapiga kura kuyaridhia maridhiano. Watu wawili kuketi kitako kulifanya kazi ambayo miaka mingi ya ubabe haikuifanya.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali katika miaka. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifuatwa na ghasia. Watu wakafa, na intaneti ikazimwa nchi nzima. Humu mnamosikiliza mna waliofiwa. Mwenye kufiwa asikutwe barazani akichekwa.

Ndugu zangu, sikilizeni kisa cha kisima cha Muraysi. Katika safari ya Banu Mustaliq, watu wawili waligombana kwenye maji, mmoja wa upande wa Muhajirina na mmoja wa upande wa Ansari. Yule akapiga ukelele kuwaita Muhajirina, na huyu akawaita Ansari. Mtume (S.A.W.) aliposikia alichukizwa, akauita wito ule kuwa wa kijahilia, akawaamuru wauache kwa kuwa unanuka. Zingatieni hapa. Majina yale mawili yalikuwa majina matukufu kabisa, na Mwenyezi Mungu mwenyewe amewasifu wenye majina hayo. Lakini jina tukufu likifanywa kuwa kengele ya kuitia watu wa kupigana, linaoza siku ile ile. Basi itakuwaje majina ya vyama vyetu, ambayo hayakuteremka kutoka mbinguni?

Na katika Suratul Hujurati tumekatazwa mambo ambayo ukiyatazama utasema yamehesabiwa kutoka katika baraza zetu: kudharauliana, kupachikana majina mabaya, kudhaniana vibaya, kupelelezana, na kusengenyana. Hilo la kupelelezana nalitilia mkazo. Mtu amesema neno lake kwa hasira kati ya kete mbili, mwenziwe akalichukua akalipeleka kwa mkubwa fulani au kwa mwajiri wake, kesho yule akakosa kazi. Huyo aliyepeleka asidhani amefanya uzalendo. Sisemi habari ya mwenye kupanga kuua au kuchoma nyumba; huyo lazima azuiwe. Nasema habari ya mtu aliyenung'unika.

Ama dhana mbaya, nayo hufikia hata kuchekesha. Rangi za Yanga ni kijani na manjano, na za CCM ni kijani na manjano. Mtu kavaa fulana yake akitoka kutazama mechi, akakutana na wasiompenda chama hicho, wakamtolea maneno. Naye masikini shida yake ilikuwa ni bao moja tu dhidi ya Simba. Na mwingine akivaa nyekundu huulizwa maswali vile vile.

Lipo jambo jingine la kutahadhari nalo, wakati wa kampeni hasa. Huja mgombea na jezi seti moja na mipira miwili, akavipa kikundi. Nusu ya wachezaji wakafurahi, nusu wakasema sisi hatuvai sura ya mtu huyu kifuani. Timu ikavunjika kwa ajili ya vitambaa. Viongozi wa vikundi, kubalianeni kabla ya msimu kwamba zawadi ya namna hiyo haipokelewi ila kwa ridhaa ya wote, na bila ya picha wala maandishi ya chama. Akina mama wenye vikundi vya ngoma na vya kuweka na kukopa, neno hili ni lenu pia. Khanga za kampeni zimekwisha kutenganisha mashoga wa miaka 20.

Wenyeji wa hapa wanajua kushindana bila ya kuuana. Katika ngoma za Kisukuma ziko pande mbili tangu karne ya kumi na tisa, Bagika na Bagalu. Hucheza siku moja, uwanja mmoja, kila upande na duara lake, na watazamaji ndio hakimu: upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Dawa na hirizi zilizokuwa zikitumiwa kuvuta watu hatuzikubali, na hilo lisemwe wazi. Lakini utaratibu wenyewe una funzo. Mshindani hakumfukuza mwenziwe uwanjani, kwa maana angemfukuza nani angeshindana naye?

Masahaba nao walikhitilafiana katika mambo ya utawala, wala hatufichi. Sayyidna Uthman aliposali rakaa nne Mina, Ibn Masud hakuafikiana naye, kwa kuwa alisali hapo rakaa mbili nyuma ya Mtume (S.A.W.). Akasema hivyo waziwazi. Kisha akasimama nyuma ya Uthman akasali nne, na alipoulizwa akajibu kwamba kuvunjika kwa umoja ni shari. Hakuiacha rai yake, wala hakuiacha safu. Na Sayyidna Ali, alipopingwa na Khawariji hadharani msikitini, aliwaahidi kwamba hatawazuia misikiti, wala hatawanyima fungu lao la mali, wala hatawaanza kwa vita. Watu hao walikuwa wakimkufurisha! Nani kati yetu ametukanwa na mpinzani wake wa barazani zaidi ya hivyo?

Sasa niwakumbusheni jambo la hapa hapa wilayani Kahama. Tarehe 5 Oktoba 2015, machimbo ya Nyangarata yaliporomoka, na wachimbaji sita wakabaki chini. Wakakaa humo siku 41. Walikula mizizi na wadudu, wakanywa maji machafu yaliyokuwa yakidondoka. Juu ya vichwa vyao nchi ilikuwa katika kampeni kali kuliko zote zilizopata kuonekana, ya John Magufuli na Edward Lowassa, na watu hapa walikuwa hawasalimiani. Tarehe 25 Oktoba kura zikapigwa, wao wako gizani. Tarehe 5 Novemba rais mpya akaapishwa, wao wako gizani. Tarehe 15 Novemba wakafikiwa. Watano wakatolewa wakiwa hai, na mwenzao alikuwa amekwisha fariki. Waliingia chini rais akiwa Jakaya Kikwete, wakatoka rais akiwa Magufuli.

Nakuulizeni: wachimbaji waliofukua mpaka wakazisikia sauti zile, je, walipozisikia walimwuliza mwenye sauti ni wa chama gani? Na yule aliyekuwa chini, alipousikia mgongano wa sururu juu yake, alitaka kwanza kuiona kadi ya mwenye sururu? Nyinyi mnaoshuka maduarani mnajua zaidi kuliko mimi. Mtu unayemwita msaliti leo jioni kwenye bao ndiye kesho asubuhi anayeshika kamba yako.

Kwa hiyo, wazee wa kila baraza, kuanzia leo mchagueni mtu mmoja anayesikilizwa, awe ndiye mwenye kusema basi, na akisema basi mazungumzo yahamie penginepo. Anayemtaja mzazi wa mwenziwe, au kabila lake, au dini yake, kwa kumtukana, asimamishwe kucheza juma zima, awe mkubwa au mdogo. Aliyenuniana na mwenziwe kwa ajili ya uchaguzi asipitishe siku tatu kabla ya kumtolea salamu, na asingoje aanzwe. Adhana ikisikika, kete ziachwe zilivyo ubaoni, muende pamoja; hakuna atakayeziiba.

Ewe Mola wetu, warehemu waliofia katika machimbo yetu, na waliokufa katika ghasia za uchaguzi, wa upande wowote waliokuwa. Wape subira wazazi wao na wajane wao. Ziunganishe nyoyo za watu wa Kakola na Bulyanhulu, na Geita na Shinyanga yote. Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Simamisheni sala.