UZI: Vepu, mapafu yetu, na swali la kumuuliza mgombea

Mliniomba maneno niliyosema kwenye kikao cha vijana Ukunda. Nimeyaweka karibu vile vile. Kama kawaida ya uzi huu, hakuna jina la mwanasiasa wala la chama.

Assalamu aleikum, na wengine habari za jioni. Shikamooni wazee wetu mlioketi hapo nyuma.

Mimi nasoma sayansi ya siasa, si daktari. Hili limenifika kupitia binamu yangu anayeuza vinyago ufuoni Diani. Mwaka jana alianza kukohoa. Usiku anaketi kitandani, kulala hawezi, pumzi haitoshi. Akaenda kliniki, akapimwa TB, hana. Akarudi, akapimwa tena, hana. Hakuna aliyemuuliza kama anavuta vepu. Na yeye hakusema, kwa sababu kichwani mwake ile si sigara. Inanukia embe!

Sitasimama hapa niseme vepu ndiyo iliyomuumiza, hilo ni la daktari. Kinachoniuma ni kwamba swali lenyewe halikuulizwa.

Mwaka 2019 kule Marekani, vijana waliokuwa wazima kabisa walianza kufikishwa hospitali wakihema, wana kikohozi, homa, wengine wanatapika. Kufikia Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2,807, na 68 kati yao wamefariki. Ugonjwa ukaitwa EVALI. Watafiti walipima majimaji ya mapafuni mwa wagonjwa 51, wakakuta asetati ya vitamini E kwa 48. Ni mafuta ambayo ukiyapaka ngozini hayana neno. Ukiyapasha moto ukayavuta ndani, hiyo ni habari nyingine. Mengi yalitoka kwenye vichupa vya bangi vilivyonunuliwa mtaani au kwa marafiki.

Sasa hapo tusikilizane. Anayekwambia kila vepu inaleta EVALI anakudanganya kidogo. Anayekwambia "ni mvuke tu" anakudanganya sana. Si mvuke wa sufuria ya wali ule. Ni matone madogo madogo ya kemikali, mara nyingi na nikotini ndani, na nikotini ikikushika haikuachi kirahisi.

Kwa hivyo mimi nauliza: hicho kichupa kinachouzwa hapa kwetu, nani amepima kilichomo?

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ni ya 2007. Inahusu bidhaa zenye tumbaku, au kitu kilichotolewa kwenye majani ya tumbaku. Nikotini ikitoka kwenye jani, wakili anaweza kusema imo. Na ikitengenezwa maabara bila jani hata moja? Mswada wa kuirekebisha sheria hiyo ili izibane bidhaa hizi uliletwa Seneti 2024. Lakini sheria ya ushuru ilizitaja sigara za kielektroniki tangu 2015! Yaani mkono wa kuchukua pesa ulifika miaka tisa kabla ya huu wa kukulinda.

Najua mgombea atafanya nini jukwaani. Atapaza sauti, "Nitapiga marufuku!" na sisi tutapiga makofi. Hiyo sinema tumeiona. Shisha ilipigwa marufuku Desemba 2017. Mwaka 2024 korti ya Shanzu, hapo Mombasa tu, ikawaachilia watu 48 walioshtakiwa kwa shisha, kwa sababu kanuni hazikupitishwa Bungeni inavyotakikana. Muguka nao, Mei 2024, Mombasa na Kilifi wakaufungia, korti ya Embu ikasimamisha. Marufuku ya haraka inaleta makofi leo na kesi kesho, na muuzaji anarudi kwenye meza yake.

Kuna wa pili, yule wa "hilo ni la Nairobi, mimi ni MCA tu". Huyo mwambie afungue Katiba, Jedwali la Nne. Udhibiti wa dawa za kulevya uko upande wa kaunti. Kama nikotini inaingia humo, wanasheria watavutana. Lakini leseni ya duka ni ya kaunti, na huduma ya kliniki ni ya kaunti, hapo hakuna ubishi. Fomu ya mgonjwa wa kifua kuongezwa mstari mmoja, "unavuta nini?", inahitaji bajeti gani? Wino?

Basi, yangu yalikuwa hayo.

(Nimeongeza: nilipomaliza, mzee mmoja aliniuliza, "Sasa mwanangu, wewe wataka ipigwe marufuku ama hutaki?" Nikamjibu, kwa mtoto chini ya miaka 18, ndiyo, hata kesho, ila ipitie Bungeni. Kwa mtu mzima, nataka kwanza kilichomo kipimwe na kiandikwe kwenye pakiti. Hakuridhika kabisa. Tulibishana mpaka kwenye tuktuk, na nauli akanilipia yeye.)