VIJANA WALIOOANA WANAPOHAMA NAIROBI KWENDA SHAMBANI



Wazee husema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo ni ya mgeni wa kawaida, ambaye husaidia siku chache kisha akaenda zake. Lakini yuko mgeni wa namna nyingine, naye ni kijana aliyekulia mjini ambaye sasa anarudi kwa baba yake pamoja na mkewe, mtoto wao, na vyombo vyao vyote juu ya lori. Huyo haridhiki kupewa jembe tu. Ameambiwa, au amejiambia mwenyewe, kwamba shamba ni lake. Hotuba hii yahusu neno hilo "lake", kwa kuwa laweza kuvunja nyumba ya vijana upesi kuliko ukosefu wa mvua au bei ya mbolea.

Mtu kurudi kwao si jambo jipya. Tangu reli ilipofika Nairobi mwaka wa 1899, mji ule ulimtaka mfanyakazi Mwafrika aje peke yake, bila jamaa zake. Nafasi ya kulala ilihesabiwa kwa kitanda, na mshahara ukahesabiwa kwa tumbo moja. Mwaka wa 1954 Kamati ya Mishahara iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter ilisema waziwazi kwamba ujira wa mtu mmoja haufai, na kwamba mfanyakazi yapasa apate wa kumlisha mke na watoto papo hapo mjini. Kabla ya hapo, na hata kwa miaka mingi baadaye, desturi ilikuwa mume mjini, mke shambani. Mume alionekana siku za sikukuu, na mwishowe alirudi na mvi zake, akaingia katika nyumba ambayo bibi alikuwa ameiendesha miaka yote. Bibi aliijua mipaka, aliwajua majirani, na alijua ni jirani gani ambaye ng'ombe wake hupenda mahindi ya watu. Yule mzee alikuwa na mwalimu nyumbani mwake, ijapokuwa wengi hawakupenda kukiri hivyo.

Siku hizi wanarudi wawili pamoja, vijana bado, na wote wawili hawajui.

Sababu za kuhama hazihitaji maneno mengi. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilikuta watu 4,397,073 katika Nairobi, na kila mpangaji ajua kwamba mwisho wa mwezi hufika kabla ya mshahara. Kodi ya nyumba, maji ya mtungi, nauli asubuhi na jioni, karo ya mtoto: vitu hivyo havimngoji mtu aliyeachishwa kazi. Mwaka wa 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia, watu wengi walirudi kwao kwa kuwa kazi zilifungwa. Serikali ilipozuia safari za kuingia na kutoka Nairobi kuanzia tarehe 6 Aprili hadi mwezi wa Julai, waliokwisha kuondoka walibaki huko huko. Baadhi yao walipanda mboga ili wapate kula, wakaona kwamba inawezekana kuishi. Wengine waliona kinyume chake, wakarudi mjini njia zilipofunguliwa.

Na wachukuliwe kwa mfano bwana na bibi wasio na jina hapa, maana wenzao ni wengi. Bwana ni fundi wa magari, kwao ni Maragoli. Bibi ni mshonaji nguo, naye kwao ni Murang'a. Walikutana Nairobi, wakaoana, wakapanga chumba kimoja, na lugha ya nyumba yao ni Kiswahili. Wana mtoto wa miaka minne. Bwana anasema: "Twende nyumbani, baba ana shamba." Bibi anakubali. Maneno yote mawili yana mambo ndani yake ambayo hawajayafungua.

Kwanza, shamba lenyewe. Kaunti ya Vihiga, ambayo ndiyo ya Wamaragoli, Wanyore, Watiriki na wengineo, ina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 564, na watu waliohesabiwa mwaka wa 2019 walikuwa 590,013. Maana yake ni zaidi ya watu elfu moja katika kila kilometa ya mraba. Kama ardhi yote ya Vihiga ingegawanywa sawasawa, pamoja na barabara, mito, shule, makanisa na yale mawe makubwa yasiyolimika, kila mtu angepata chini ya robo ya ekari. Basi mtu asemapo "baba ana shamba" katika nchi ya namna hiyo, swali linalofuata ni ndugu wangapi wanaosema maneno hayo hayo. Fundi wetu ana kaka wawili na dada wawili. Baba ana ekari mbili.

Lakini je, ekari mbili hizo ni za baba? Hapo ndipo vijana wengi hawaulizi, kwa sababu ya haya, au kwa kudhani kwamba kuuliza ni kumtakia mzazi kifo. Habari hii ina historia yake. Mwaka wa 1954 Bwana Swynnerton wa Idara ya Kilimo alitoa mpango wa kukusanya vipande vya mashamba, kuvipima, na kumpa kila mwenyewe hati. Kazi ilianza kwa nguvu katika nchi ya Wakikuyu wakati wa Hali ya Hatari, na sehemu nyingine ilifanywa baada ya Uhuru wa 1963. Hati ilileta faida: mikopo, miti ya kahawa na chai, na kesi za mipaka kupungua. Lakini daftari la serikali lilihitaji jina, na jina lililoandikwa kwa kawaida lilikuwa la mwanamume mmoja, mkuu wa nyumba. Wake waliolima, wana waliozaliwa, na ndugu mdogo aliyekuwa Mombasa kazini, haki zao zilibaki katika vinywa vya wazee. Wazee wale wamekufa. Daftari lingalipo.

Kwa hiyo ni jambo la kawaida kabisa kukuta shamba ambalo baba analima, babu ndiye aliyeandikwa, na babu alizikwa zamani pale chini ya mgomba. Hakuna aliyekwenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi. Kwa macho ya sheria shamba hilo si la baba peke yake wala la fundi wetu. Ni mali ya marehemu, na warithi wake ni pamoja na shangazi na ami ambao huenda fundi hajapata kuwaona. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike, wala aliyeolewa na asiyeolewa. (Waislamu wana sheria yao, na kuna wilaya za wafugaji ambazo zilitengwa.) Fundi akijenga nyumba ya matofali juu ya mahali pa namna hiyo, amejenga juu ya mazungumzo ambayo hayajafanywa.

Dawa yake si ngumu, ila yahitaji adabu. Kijana aje peke yake kwanza, au na mkewe, bila lori. Aketi na baba na mama, na wazee wawili wa ukoo wawepo. Asiseme, "Nipe shamba langu." Na aseme, "Baba, nataka kujenga. Nionyeshe mahali ambapo hakuna mtu atakayekuja kuniondoa." Kisha namba ya shamba ichukuliwe, aende katika ofisi ya ardhi, alipe ada, aombe taarifa ya daftari. Huko ataona jina la nani limeandikwa, na kama shamba limewekwa rehani au lina kizuizi. Kama ni jina la babu, basi jamaa nzima ikubaliane kuanza kesi ya mirathi, na gharama igawanywe. Kama ni jina la baba, naye yu tayari kumkatia mwanawe sehemu, shauri litakwenda mbele ya Bodi ya Ardhi, ambayo chini ya sheria ya mwaka wa 1967 ndiyo itoayo idhini ya kugawa shamba la kilimo. Mama naye aulizwe, kwa kuwa mahali anapokaa mke haparuhusiwi kutolewa bila ridhaa yake.

Sasa tumtazame bibi, ambaye katika hadithi nyingi za kurudi shambani hutajwa mwishoni kana kwamba ni mzigo mwingine juu ya lori.

Mjini alikuwa na cherehani, wateja, na simu yenye fedha zake. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka wa 2007, wanawake wengi wameweza kuweka akiba bila kumwonyesha mtu. Anapofika Maragoli, yeye ni mke wa kijana wa fulani. Lugha ya pale haijui. Jiko la kwanza atakalopika si lake, ni la mama mkwe, na huko kuna mambo ya adabu ambayo hayakuandikwa popote: nani asalimiwe kwanza, mahali gani baba mkwe hukaa na mkaza mwana asipite, kuni zipi zinatoka upande gani. Mama mkwe mwema atamfundisha polepole. Hata mama mkwe mwema, hata hivyo, hachukui muda mrefu kuchoka na watu wawili wanaopika katika jiko moja. Yafaa bwana ajenge jiko la mkewe mapema, hata kama ni la udongo na mabati machache, kabla hajafikiria seti ya makochi.

Na haki yake? Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013 inasema kwamba mchango wa mke au mume si fedha tu. Kazi za nyumbani, kulea watoto na kazi ya shamba huhesabiwa. Hilo ni jambo jema. Lakini sheria hiyo hiyo yasema kwamba mali inayoshikwa kwa amana ya ukoo, kwa mila, si mali ya ndoa. Tena mwezi wa Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba usawa wa mume na mke katika Katiba hauna maana ya kugawa mali nusu kwa nusu moja kwa moja; kila mmoja aonyeshe alichochangia. Basi bibi wetu aliyeuza cherehani moja ili kununua mabati, akaijenga nyumba juu ya shamba la babu wa mumewe, amesimama mahali pembamba sana. Bwana akifa, au ndoa ikivunjika, ataonyesha nini? Kwa hiyo risiti za saruji, mabati na misumari ziwekwe, na zile alizolipa yeye ziwe na jina lake. Bwana asione kwamba hiyo ni dharau. Ikiwa wana fedha za kununua hata robo ya ekari penginepo, majina mawili katika hati moja yangewapa usingizi kuliko ekari ya maneno.

Baada ya hayo ndipo ije habari ya kulima, nayo ni fupi, maana Bwana Shamba ataieleza vizuri zaidi papo hapo shambani. Jambo kubwa ni kalenda. Mahindi ya mvua kubwa hupandwa mwezi wa Machi, na gunia haliingii ghalani ila katikati ya mwaka au baadaye. Managu na saga huchumwa baada ya mwezi mmoja na nusu hivi. Kifaranga wa kienyeji hutaga akiwa na miezi mitano au sita. Mgomba huhitaji mwaka na zaidi. Chai miaka karibu mitatu kabla ya kuchumwa vizuri. Parachichi la kubebeshwa miaka kama hiyo. Ng'ombe wa gredi hula majani ya karibu nusu ekari, na hubeba mimba miezi tisa kama binadamu. Mtu akiandika tarehe hizo katika karatasi ataona mara moja kwamba mwaka wa kwanza hakuna mshahara, na kwamba nusu ekari ya mahindi, hata kwa mbegu bora, ni chakula cha nyumba tu. Akiba ya kula miezi kumi na miwili, pamoja na karo ya mtoto, iwepo kabla ya kumwarifu mwenye nyumba wa Nairobi.

Wala hakuna sababu ya kuacha ufundi. Barabara ya Kisumu kwenda Kakamega hupita Majengo, Mbale na Chavakali, na pikipiki za kubeba abiria zilizopo huko huharibika kila siku. Sare za shule hushonwa kila Januari. Lori litakapopakiwa, na liwe la mwezi wa Januari ili mtoto aanze shule pamoja na wenzake na shamba lilimwe kabla ya mvua, sanduku la spana na cherehani vipakiwe mwisho, vipate kushushwa kwanza. Makochi, nafasi ikikosekana, yauzwe Nairobi.