Taa Nyekundu Si Hukumu

Sisi wa reli twajua: taa nyekundu humsimamisha dereva, lakini haimwambii kilichoharibika. Ndivyo ilivyo kwa Toyota Prius ya zamani. Jirani yangu wa Buruburu, mwenye teksi, aliwakiwa na pembetatu nyekundu. Fundi akasema papo hapo, "Nunua betri kubwa." Nusura akope. Fundi wa pili alisoma namba za makosa kwa mashini. Kumbe betri ndogo ya volti 12 imechoka!

Hata mkiona P0A80, namba ya betri kubwa, fundi apime kwanza vipande vyake 28, asafishe na vumbi la feni inayoipoza. Nyaya za rangi ya chungwa msiziguse, zaua.

Ndugu, namba kwanza, pesa baadaye.