Rangi na Mzunguko wa Jiwe Lipitalo: Mhadhara wa Umma, Kangema



Asubuhi ya tarehe 16 Julai 2011, kishindo kilisikika angani na mawe yakaanguka karibu na Thika, mji tunaoupitia tukienda Nairobi. Wataalamu wakayaweka katika kundi la L6, yaani mawe yenye chuma kidogo yaliyokaa muda mrefu katika joto ndani ya asteroidi yalikotoka. Mawe tunayo. Rangi ya asteroidi ile ilipokuwa bado angani, na kasi ya kujizungusha kwake, hatutazijua kamwe, maana hakuna aliyeiona ikija.

Sudan walipata bahati hiyo. Tarehe 6 Oktoba 2008 darubini moja ya Arizona iliona jiwe la upana wa mita 4 hivi, likapewa jina 2008 TC3. Kabla ya saa 20 kwisha lilikuwa limepasuka juu ya jangwa la Nubia. Katika saa hizo chache darubini mbalimbali zilipima mwanga wake: lilijizungusha kwa muda wa dakika moja na nusu na ushei, huku likiyumba, na rangi yake ilikuwa ya kijivu. Kisha Muawia Shaddad na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Khartoum, pamoja na mwanaastronomia Peter Jenniskens, wakatembea jangwani wakiokota vipande, ambavyo hatimaye vilizidi 600. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa asteroidi kupimwa angani na kisha kushikwa mkononi. Na vipande vile havikuwa vya aina moja! Kijivu kilichoonekana kwa mbali kilikuwa kimefunika mchanganyiko wa mawe ya asili tofauti. Kila ninayemfundisha kupima rangi namwambia kwanza habari hiyo.

Kazi yenyewe hufanywaje? Asteroidi haina mwanga wake. Inaakisi mwanga wa jua. Shika kiazi kirefu mbele ya taa ukizungushe: ubavu mpana ukikuelekea, mwanga ni mwingi, ncha ikikuelekea, mwanga hupungua. Kwa kawaida mzunguko mmoja huleta vilele viwili. Mpimaji hupiga picha usiku kucha, akilinganisha asteroidi na nyota zilizo jirani nayo, kisha huchora mchoro wa mwanga kupanda na kushuka.

Rangi hupatikana kwa kuweka vichujio mbele ya kamera, cha buluu, cha kijani, chekundu, na kuona ni kiasi gani kinapita katika kila kimoja. Hapo ndipo wengi hukosea. Ukipima buluu sasa na nyekundu baada ya dakika kumi, jiwe limekwisha kugeuka, na utadhani ni rangi kumbe ni umbo. Kwa hiyo mpimaji makini hurudia kichujio kimoja kabla na baada ya kila kingine, ili mgeuko ule aweze kuutoa katika hesabu.

Rangi ina uzito wake. Asteroidi ya mawe angavu huakisi takriban asilimia 20 ya mwanga. Yenye kaboni nyingi huakisi kama asilimia 5. Mbili hizo zikionekana na mwanga sawa kwa umbali uleule, ile nyeusi ina upana mara mbili na ujazo mara nane. Anayetaka kukadiria hatari ya jiwe linalokaribia Dunia hawezi kuliruka jambo hilo.

Sasa niseme lililonileta. Ijumaa, 13 Aprili 2029, asteroidi Apophis, yenye upana wa zaidi ya mita 300, itapita kilomita 32,000 hivi juu ya ardhi. Haitatugonga. Jioni hiyo itaonekana Afrika kwa macho matupu, na mvuto wa Dunia unatarajiwa kubadilisha namna inavyojizungusha. Mwanga wake hupanda na kushuka kwa mpigo wa saa 30 hivi, muda mrefu kuliko usiku wowote wa Kenya, kwa hiyo hakuna kituo kimoja kinachoweza kuupima peke yake. Lazima tupokezane na wengine. Magharibi yetu kipo kituo cha darubini cha Sutherland, Afrika Kusini. Mashariki ziko darubini za India. Katikati, penye longitudo yetu, darubini za utafiti ni chache mno, na inaniuma, kwa sababu hapa karibu na ikweta tunaona anga ya kaskazini na ya kusini pia.

Aprili ni masika, na mawingu ya Nyandarua hapa Kangema tunayajua. Basi tusitegemee kilima kimoja. Darubini ndogo yenye kamera na vichujio iwekwe hapa, nyingine Nanyuki, nyingine Lodwar ambako mvua ni haba, na wanafunzi waanze mapema kufanya mazoezi kwa asteroidi za kawaida, ili vipimo vya Apophis vya kabla ya siku ile na vya baada yake vichukuliwe kwa mikono iliyozoea.