Maneno ya Thamani ya Nyumba na Ardhi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka)



Tumepewa kazi ya kueleza maneno yaandikwayo katika karatasi za nyumba na viwanja, kwa kuwa wengi hutia sahihi kabla ya kuyafahamu.

Twaanza na jambo lililo karibu nasi hapa Mombasa, yaani nyumba bila ardhi. Watu wengi wa Majengo walijenga juu ya kiwanja cha mtu mwingine, wakawa wakimlipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Kuta, paa na milango ni mali yao. Udongo ulio chini si wao. Desturi ya pwani tangu zamani imevitenga vitu hivi viwili, hali sheria iliyotoka Uingereza huhesabu kwamba kilichoshikamana na ardhi humfuata mwenye ardhi. Basi mtu akimwambia mzee kwamba nyumba yake ni shilingi milioni 4, yampasa mzee aulize kwanza: ni nyumba peke yake, au pamoja na ardhi? Stakabadhi za kodi ya kiwanja, hata zikijaa sanduku, si hati ya kumiliki.

Wenye hati nao hawana budi kuisoma. Hati nyingine ni ya milele. Nyingine ni ya miaka iliyohesabiwa, kama 99 au 50. Hati ya miaka hupungua thamani kadiri miaka inavyokwisha, na mnunuzi mwerevu huuliza iliyobaki kabla ya kuuliza idadi ya vyumba. Mwenye ardhi ya Serikali kwa hati ya miaka hulipa kodi ya ardhi kwa Serikali Kuu, na kodi ya mji kwa Kaunti. Hizi ni kodi mbili, na risiti ya moja haifuti deni la nyingine.

Sasa bei na thamani. Bei ni fedha zilizotoka mkononi. Thamani ni makadirio ya mthamini aliyesajiliwa. Hutazama nyumba za jirani zilizouzwa karibuni, au hupima kodi iletwayo na wapangaji, au hukadiria gharama ya kujenga upya akiondoa uchakavu. Dalali hana kazi hiyo, ingawa hatujapata kuona dalali akikosa jibu.

Katika taarifa ya mthamini huwamo thamani zaidi ya moja. Thamani ya soko ni fedha ambazo mnunuzi na muuzaji wangepatana kwa hiari, pasipo haraka wala shuruti. Thamani ya bima ni gharama ya kuijenga tena nyumba, wala ardhi haimo, maana ardhi haiungui. Thamani ya mnada ni ile itakayopatikana ikiuzwa kwa haraka, na mara nyingi huwa kama robo tatu ya thamani ya soko. Mtu aweza kuweka rehani nyumba ya milioni 4 akidhani ana kinga ya milioni 4, kumbe mkopeshaji ameisha kuhesabu 3.

Hapa ndipo penye hatari, na hapa pia sheria imetulinda. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, mdaiwa aliyeshindwa kulipa apewe kwanza notisi ya miezi 3, kisha notisi ya siku 40 kabla ya kuuzwa mali. Mkopeshaji lazima afanye makadirio ya mnada kabla ya kuuza, na ajitahidi kupata bei bora iwezekanayo. Akiuza kwa upungufu wa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya wastani ya mali za namna hiyo sokoni, huchukuliwa kwamba amevunja wajibu wake, mpaka athibitishe kinyume chake. Mdaiwa aweza kwenda mahakamani kwa hoja hiyo, lakini aende mapema, maana mali ikiisha kuandikwa kwa jina la mnunuzi ni taabu kuirudisha.

Nyumba wanamokaa mume na mke haiwekwi rehani mpaka wote wawili wakubali. Mke asitie kidole gumba kwa kuambiwa tu kwamba ndiyo desturi ya ofisi.

Wenye karatasi wasizozielewa na wazilete kwa karani wa Chama kabla ya kutia sahihi. Walete nakala, hati yenyewe ibaki nyumbani.